Cherero anayeuma: bado anaweza kuzoea mkono?

*"Daktari, nina kasuku mdogo wa aina wanayoiita lovebird, wa kijani mwenye uso wa waridi. Nilimnunua akiwa ameshakua; muuzaji alisema ana umri wa miezi minane hivi. Ni miezi miwili sasa tangu aje nyumbani, na kila nikiingiza mkono tunduni ananiuma hadi damu, tena bila hata kuonya. Nilishauriwa nimfunge kwenye taulo na kumshika nusu saa kila jioni ili azoee, nami nimefanya hivyo kwa wiki tatu. Akiwa mkononi anatulia kabisa, lakini nikimrudisha tunduni ukali unazidi, na siku hizi hata nikipita karibu anakimbilia kona ya nyuma. Wengine wanasema nimkate manyoya ya mabawa, wengine nimnyime chakula mpaka akubali kula mkononi, wengine nimnunulie mwenzake. Je, amekuwa mkubwa mno kuzoea? Nifanye nini?"*

Asante kwa kueleza mambo kwa kina, kwa maana ndani ya maelezo yako mna sehemu kubwa ya jibu. Hofu yako ni kwamba ndege huyu amepita umri wa kuzoea watu na kwamba ukali ndio tabia yake. Sivyo. Cherero, kama nitakavyomwita hapa, akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15 na wengine huzidi hapo, kwa hiyo wako, ambaye sasa ana miezi kumi hivi, ni kijana tu, na wapo wanaoanza kuzoea mkono wakiwa na miaka mitatu au minne. Ni kweli kwamba kinda aliyelelewa na kulishwa kwa mkono wa mtu huanza safari hii akiwa mbele, lakini aliyelelewa na wazazi wake tunduni naye hufika, ila kwa njia ndefu zaidi. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo nakuomba uliache leo hii, kabla hujasoma mengine: usimfunge tena kwenye taulo kwa ajili ya kumzoesha.

Sababu yake inaanzia kwenye asili ya ndege huyu. Jenasi ya Agapornis, yaani kundi la cherero wote, ina spishi 9, ambapo 8 huishi Afrika bara na moja kisiwani Madagaska. Umbo unalolieleza linaelekea kuwa la Agapornis roseicollis, mwenyeji wa nchi kavu za kusini-magharibi mwa Afrika, ambaye ni miongoni mwa wanaofugwa kwa wingi zaidi duniani. Uzito wake ni kama gramu 50 tu. Porini huishi kwa makundi na huwindwa na mwewe, nyoka na wanyama wengine wengi, na kila kiungo chake kimeumbwa kwa ajili ya kugundua hatari mapema na kuruka. Kuku na mbwa wamepitia maelfu ya miaka ya kuchaguliwa na binadamu, waoga na wakali wakiachwa, wapole wakizalishwa. Cherero hana historia hiyo. Hata kama yeye, wazazi wake na babu zake wote walitotolewa tunduni, silika aliyonayo ni ileile ya porini, na silika hiyo inamwambia kwamba kitu kikubwa kinachomjia kutoka juu na kumfumbata mwili mzima ni mauti.

Ndiyo maana nasema kwamba ulichokiona kwenye taulo hakikuwa utulivu. Mnyama anayewindwa akikabiliwa na hatari hukimbia. Asipoweza kukimbia hupigana. Na asipoweza lolote kati ya hayo mawili huganda. Mwili huacha kupambana kwa sababu kupambana hakusaidii, huku ndani moyo ukienda mbio na kichwa kikiwa macho kupita kiasi. Mara ya mwisho ulipomshika, huenda uliyaona macho yaliyotumbuka bila kupepesa, manyoya yaliyobana mwilini, vidole vya miguu vilivyojikunja kwa nguvu, na pumzi fupi fupi. Ndege aliyetulia kwa kweli ana sura nyingine kabisa. Huyaachia manyoya ya mashavu yakafunika sehemu ya mdomo, hukunja mguu mmoja na kuuficha tumboni, hujichambua manyoya bila haraka, na akikaribia kulala husagasaga mdomo wake kwa sauti ndogo ya mkwaruzo. Hakuna ndege anayefanya hayo akiwa anaamini kwamba anakaribia kuliwa.

Kwa hiyo kila jioni, kwa wiki tatu, amekuwa akipata uthibitisho kwamba mkono wako ni kile alichokuwa anakiogopa. Sikuambii haya ili ujilaumu, kwa kuwa ushauri huo umeenea sana na unatolewa na watu wanaowapenda ndege wao. Nakuambia kwa sababu ndilo jibu la swali lako la kwa nini ukali unazidi wakati ulitarajia upungue. Kuna pia hatari ya kimwili. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Huvuta hewa kwa kupanua kifua na kidari, hivyo mkono unaobana kifua, hata kwa nia njema, unaweza kumkosesha pumzi. Taulo lina mahali pake, ambapo ni kwa daktari, au unapolazimika kumkata kucha au kumtazama jeraha, na hapo hushikwa kwa muda mfupi, kichwa kikiwa kimedhibitiwa na kifua kikiwa huru.

Sasa tuje kwenye kuuma kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo mambo yatakapogeuka. Umeandika kwamba anauma bila kuonya. Naamini kwamba ndivyo unavyoona, lakini nakuomba ujaribu kitu kimoja kesho: simama mbali na tundu akiwa anakula, kisha sogea polepole sana huku ukimtazama kwa pembe ya jicho. Utaona kwanza mdomo unasimama, mbegu ikiwa bado katikati. Kisha manyoya yanalala bapa, hata ndege anaonekana amekonda ghafla. Uzito wake unahamia upande ulio mbali nawe, au anasogea hatua moja kwenye kijiti. Ukizidi kwenda, shingo inanyooka, mdomo unafunguka kidogo, na pengine unatoka mlio mfupi mkali. Baada ya hayo ndipo anapouma. Yote hayo yanaweza kupita ndani ya sekunde mbili, na mtu ambaye macho yake yako kwenye chombo cha maji hataona hata moja.

Fikiria basi kile ambacho ndege amejifunza. Alisimamisha mdomo, mkono ukaendelea kuja. Akasogea, ukaendelea. Akapanua mdomo, ukaendelea. Akauma, mkono ukaondoka. Kwa miezi miwili umemfundisha, bila kukusudia, kwamba ishara za upole hazisikilizwi na kwamba mdomo pekee ndio unaoleta matokeo. Ndege mwenye akili, na jamii yote ya kasuku ina akili nyingi, huacha kupoteza muda na zile ishara za mwanzo akaenda moja kwa moja kwenye inayofanya kazi. Hapo ndipo mfugaji husema kwamba ndege wake anauma bila sababu.

Kazi yako kuu, na ndilo jambo ambalo ningependa ulishike hata kama mengine yote utayasahau, ni kumrudishia imani kwamba ishara ndogo inatosha. Kila anaposimamisha mdomo au kuegemea nyuma, wewe simama hapo hapo au rudi nyuma hatua moja, kabla hajafika mahali pa kuuma. Wafugaji wengi huhofu kwamba kwa kufanya hivyo watamzoesha ndege kuwafukuza. Kinachotokea ni kinyume chake. Ndege anayejua kwamba anaweza kukuondoa kwa kuinamisha tu kichwa hana haja ya kukuogopa kutoka mbali, na kwa kuwa hakuogopi kutoka mbali, umbali wenyewe huanza kupungua.

Wapo watakaokuambia uuache mkono pale pale hata ukiumwa, ili ajue kwamba kuuma hakusaidii. Ushauri huu una chembe ya ukweli, kwa maana kupiga kelele na kuunyofoa mkono kwa kasi humtisha zaidi na kumthibitishia kwamba mdomo una nguvu. Lakini kumlazimisha aume na aume mpaka akate tamaa ni lile taulo kwa sura nyingine. Lengo ni kutofika kwenye kuumwa. Ukiumwa kwa bahati mbaya, tulia, usiseme neno, ushushe mkono polepole akiachia, kisha ujiulize ni ishara gani uliyoipita. Usimpulizie usoni, usimgonge mdomo, usimzimie taa wala kumfunika kama adhabu. Haunganishi adhabu na kosa, anaunganisha adhabu na wewe. Glavu nzito nazo sizipendekezi. Zinakulinda wewe, lakini kwake ni mkono mkubwa zaidi na wa ajabu zaidi, na hatimaye utalazimika kuanza upya siku utakapozivua.

Kabla ya mafunzo, hakikisha maisha yake ya kila siku yametengemaa. Tundu likae mahali ambapo watu hupita lakini si katikati ya njia, upande mmoja ukiegemea ukuta ili awe na mgongo salama, na vijiti vya juu viwe karibu na usawa wa macho yako. Ndege aliyewekwa chini sana huishi na hofu ya kila kinachomjia juu. Apate saa 10 hadi 12 za giza na ukimya kila usiku, kwa kuwa ndege asiyelala vizuri huwa mkali kama mtoto. Chakula kisiwe mbegu tupu, hasa za alizeti zenye mafuta mengi. Chakula cha vidonge (pellets) kilichotengenezwa kwa ajili ya kasuku pamoja na mboga za majani ndivyo viwe msingi wa mlo. Parachichi, chokoleti, kahawa na pombe ni sumu kwake, na moshi wa vikaango visivyogandisha chakula vikipata moto kupita kiasi unaweza kumuua ndani ya dakika chache, hata akiwa chumba kingine.

Kisha, kwa muda wa wiki moja au mbili, mkono uingie tunduni kwa ajili ya chakula, maji na usafi tu, tena kwa saa zilezile kila siku, na kila mara mwambie neno moja la kumjulisha kabla hujafungua mlango. Neno lenyewe si kitu. Kinachomsaidia ni kwamba hutamshtukiza. Nje ya hapo, tafuta umbali ambao anaweza kuendelea kula ukiwa umekaa, hata kama ni upande wa pili wa chumba, ukae hapo kwa ubavu bila kumkodolea macho, usome kwa sauti ya chini au ufanye kazi zako. Macho mawili yaliyoelekezwa mbele ni macho ya mwindaji. Akianza kujichambua manyoya ukiwa hapo, kesho kiti kinaweza kusogea kidogo.

Wakati huohuo chunguza anapenda nini kuliko vyote. Mchanganyie mbegu kadhaa kwenye sahani safi na uangalie ni ipi inayokwisha kwanza. Kwa cherero wengi ni suke la uwele au mtama mdogo. Kitu hicho kitoe kabisa katika chakula cha kawaida, kisha kipatikane kwako tu. Mwanzoni usitake chochote kutoka kwake: pita karibu na tundu, dondosha kipande kwenye chombo chake, ondoka. Rudia mara kadhaa kwa siku. Utajua kwamba hatua hii imekwisha siku utakapomkaribia naye akasogea kwenye chombo kabla hujafika, badala ya kukimbilia kona.

Hapo ndipo suke refu litakapopitishwa kati ya nyaya, wewe ukishika ncha ya mbali. Akilila bila manyoya kubana, siku zijazo lifupishwe kidogo kidogo mpaka vidole vyako viwe karibu na mdomo wake. Wengine hupenda kutumia kijiti chembamba na kumfundisha ndege akiguse kwa mdomo, kila akigusa apewe tuzo, na mimi naupenda utaratibu huu kwa ndege waliotishwa kama wako, kwa sababu unampa kazi anayoielewa na njia ya kukufuata kwa hiari yake huku mkono ukiwa bado mbali. Tuzo itolewe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ikichelewa hatajua amelipwa kwa lipi.

Mkono wenyewe uanze kwa kutulia mlangoni bila kuingia. Uwekwe chini kuliko kifua chake, vidole vikiwa vimekunjwa, tuzo ikiwa juu yake au nyuma yake kidogo, na yeye ndiye aje. Atakuja akiwa amejinyoosha shingo huku miguu imebaki nyuma, tayari kuruka. Achukue na aondoke, ndivyo inavyotakiwa. Baada ya siku kadhaa ataweka mguu mmoja juu ya mkono ili afikie tuzo iliyo mbali zaidi, kisha miguu miwili. Akipanda mara ya kwanza, kishawishi cha kumtoa nje au kumpapasa ni kikubwa. Usifanye hivyo. Mkono usisogee hata kidogo, ale, ashuke. Kutembea naye, kumfundisha apande kwa kuambiwa, na hata kumkuna kichwa, vyote vinakuja baada ya mkono kuwa mahali pa kawaida pa kusimama. Kila kipindi kiwe cha dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, na umalize wakati bado anataka kuendelea. Siku akionekana ameganda, rudi hatua mbili nyuma bila kujutia.

Ipo pia njia ya kumfanyia mafunzo nje ya tundu, na kwa wengine huwa nyepesi zaidi, kwa maana cherero, hasa jike, hulihesabu tundu kuwa lake na hulilinda. Funga milango na madirisha, vuta mapazia ili asigonge vioo, zima feni, funika maji yote yaliyo wazi, toa wanyama wengine chumbani, kisha fungua mlango wa tundu na umwache atoke mwenyewe. Tayarisha kijiti cha kusimamia karibu nawe chenye tuzo. Mtoe kabla ya wakati wa chakula, ili njaa yake ya kawaida imrudishe tunduni bila kukimbizwa, kwa sababu kumkimbiza kwa dakika tano kunaweza kubomoa kazi ya wiki nzima.

Hilo linanileta kwenye ushauri wa kumnyima chakula. Tafadhali usiufuate. Ndege wa gramu 50 huunguza nguvu haraka mno na ana akiba ndogo sana mwilini. Saa chache tu za kukosa chakula zinaweza kumdhoofisha, na siku nzima inaweza kumuua, hasa akiwa na ugonjwa aliouficha. Kumfundisha muda mfupi kabla ya mlo wa kawaida kunatosha kabisa. Vilevile atakayekula mkononi kwa sababu ya njaa kali hajakuzoea, amelazimika tu, na akishiba utamkuta vilevile.

Kukata manyoya ya mabawa ni suala ambalo hata wataalamu hawakubaliani, nami nitakueleza ninavyoliona. Faida zake zipo: ndege haruki akagonga kioo, hapotei mlango ukiachwa wazi, na mfugaji huwa na ujasiri zaidi wa kumtoa. Manyoya hayana maumivu yakikatwa na anayejua, na huota tena ndege anapobadilisha manyoya. Lakini kwa ndege wako, ambaye tatizo lake ni kukosa njia ya kukwepa, kumwondolea kuruka ni kumbakishia mdomo peke yake. Pia kuruka ndiyo mazoezi yake makubwa, na aliyekatwa vibaya huanguka kama jiwe akaumia kidari. Kwa hiyo kwako nasema hapana. Ikiwa mazingira ya nyumba hayaruhusu usalama wa aina nyingine yoyote, basi afanye hivyo daktari wa ndege, akate kidogo na kwa usawa mabawa yote mawili. Usijaribu mwenyewe, kwa kuwa unyoya unaoota bado una damu ndani na ukikatwa huvuja sana.

Kuhusu kumnunulia mwenzake, jibu langu haliwezi kuwa fupi, kwa sababu swali hili linahusu maisha yake zaidi kuliko urahisi wako. Cherero ni ndege wa kundi na hufungamana sana na mwenzake. Akiwa peke yake anahitaji kampuni yako kwa saa kadhaa kila siku, kwa miaka mingi, na kama kazi yako haikuruhusu hivyo, basi kupata mwenzake ni haki yake hata kama hatapanda mkono wako kamwe. Ila mwenzi hatatibu hofu. Mara nyingi wawili hutazamana wao kwa wao, na yule mwoga akimfundisha mwenzake woga. Kinyume chake, ukipata aliyezoea watu tayari, huyu wako anaweza kujifunza kwa kumtazama akila mkononi. Usiwaweke tundu moja siku ya kwanza, kwa maana cherero hupigana hadi kung'oana vidole. Ndege mpya akae chumba tofauti kwa siku 30 au zaidi na apimwe afya, kisha matundu yakaribiane, na baadaye wakutane mahali ambapo hakuna anayepaona kuwa pake. Kumbuka pia kwamba dume na jike wakiwa pamoja watataka kuzaa. Mimi ningesubiri mpaka huyu wa sasa ale mkononi kwako, kisha nilifikirie upya.

Jambo moja ambalo hukuliuliza lakini huenda linahusika ni umri wake. Karibu na mwaka wa kwanza cherero hupevuka, na homoni zinaweza kumfanya hata aliyezoea awe mkali kwa wiki kadhaa. Katika spishi hii dume na jike hufanana kabisa kwa macho, na uhakika hupatikana kwa kipimo cha vinasaba. Jike, hata hivyo, mara nyingi hujitambulisha kwa kuchana karatasi kuwa vipande virefu vilivyonyooka na kuvichomeka kwenye manyoya ya kiuno. Ukiona hayo, ondoa tunduni sanduku la kiota, vibanda vya kitambaa, na kila kona ya giza ya kujifichia. Usimpe karatasi za kuchana kwa wakati huo. Hakikisha usiku wake ni mrefu. Siku atakapokubali kuguswa, mguse kichwani na shingoni tu, kwani kupapaswa mgongo na chini ya mabawa kwa ndege ni ishara ya kujamiiana.

Utauliza itachukua muda gani. Kwa cherero mzima ambaye hakutishwa, wiki chache hutosha kumfanya ale mkononi. Kwa wako, anayehitaji kwanza kuisahau ile taulo, tegemea miezi kadhaa, na maendeleo hayatakuwa ya mstari ulionyooka. Patakuwa na juma zuri na juma ambalo unahisi umerudi mwanzo. Na lazima niwe mkweli kwamba wapo ambao hufika mahali pa kupanda mkono kwa furaha lakini hawapendi kuguswa maisha yao yote. Ndege wa namna hiyo anayekuja begani kwako kwa hiari yake, akala nawe na kukuita ukitoka chumbani, amekuzoea kikamilifu, na hakuna sababu ya kumsukuma zaidi.

Mwisho, yapo mazingira ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Kwa kuwa hukutaja kama ndege huyu amepimwa tangu umnunue, ningependa aonwe mara moja na daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa ndege, kwa sababu maumivu na magonjwa hujificha nyuma ya ukali, na ndege huficha ugonjwa mpaka hali iwe mbaya. Nunua mizani ya jikoni inayopima gramu, na akishazoea kijiti mfundishe asimame juu ya mizani hiyo. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake wa kawaida, usingoje. Usingoje pia ukimwona amejitutumua manyoya mchana kutwa, amekaa sakafuni mwa tundu, mkia wake unapanda na kushuka kila anapopumua, kinyesi kimebadilika rangi au maji kwa zaidi ya siku moja, au anang'oa manyoya yake mwenyewe. Jike anayejikamua bila kutoa kitu huenda yai limekwama, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Kwa upande wako, kila jeraha la kuumwa lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na ukipata homa yenye kikohozi na maumivu makali ya kichwa, mwambie daktari wako kwamba unafuga kasuku, maana kuna bakteria aitwaye Chlamydia psittaci anayeweza kupita kutoka kwa ndege hadi kwa binadamu na hutibika vizuri akijulikana mapema.

Siku ya kwenda kwa daktari mbebe kwenye tundu dogo lililofunikwa kitambaa chepesi upande wa juu, kijiti kikiwa chini ili asianguke, na uchukue pamoja nawe karatasi ya sakafu ya tundu yenye kinyesi cha usiku huo, orodha ya anachokula, na video fupi ya namna anavyokuwa ukimkaribia. Video hiyo itamwonyesha daktari tabia ambayo ndege huenda asiionyeshe kabisa akiwa chumbani kwake. Na ikiwa daktari atalazimika kumshika kwa taulo, mpumzishe na mafunzo kwa siku mbili au tatu baada ya hapo, kisha anza tena kwenye ile hatua ya kudondosha tuzo chomboni na kuondoka.